Nataka nyoka wangu atage tena, ila chumba chake anakuja kulala mama mkwe

BARUA

Shikamoo anti. Naomba jina langu usiliweke maana mji wenyewe mdogo na watu tunajuana. Mi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, tunaishi Moshi huku Pasua, mume wangu fundi umeme wa magari na mi nauza duka la dawa za mifugo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujasema huyu dada kachanganyikiwa, maana nikianza tu kusema ninachofuga watu wananikatiza hapo hapo.

Nafuga nyoka anti. Wawili, jike na dume, wote hawana sumu. Jike nilimpata miaka mitatu iliyopita kwa baba yangu kule Uru, nilienda kusaidia kutoa mahindi ghalani, gunia la mwisho lilipoinuliwa akawepo chini yake amejikunja, vijana wakakimbilia majembe na mi bila hata kufikiri nikamfunika na beseni nikalikalia. Nusu saa nzima nimekalia beseni nabishana nao. Nikampigia rafiki yangu wa Arusha ambaye aliwahi kufanya kazi bustani ya nyoka, akaniambia mpige picha kichwa, nikapiga, akasema huyo ni nyoka wa nyumba, chakula chake panya, hana sumu kabisa. Ni wa kahawia inayoelekea wekundu, tumbo jeupe linang'aa kama ndani ya ganda la konokono, na kichwani ana mistari ya rangi ya maziwa, mmoja unapita juu ya jicho mwingine chini yake, kila upande. Nilimpa jina Bibi kwa sababu alikaa pale ghalani kama mwenye mji. Dume alinipa huyo huyo rafiki yangu mwaka uliofuata, ye ni mdogo, hafikii nusu ya unene wa Bibi.

Wanakaa kwenye maboksi ya plastiki yenye mifuniko ya kubana, matundu nilitoboa kwa msumari wa moto. Chini magazeti, bakuli la maji, na kipande cha kibuyu kilichovunjika ndo nyumba yao ya kujificha. Boksi la Bibi liko mezani chumba cha wageni, la dume liko juu ya kabati humo humo.

Sasa mwaka jana niliwaweka pamoja mwezi wa sita, na mwezi wa nane Bibi akataga mayai tisa nyuma ya bakuli la maji. Mi nilikuwa sijajiandaa na chochote. Niliyaokota, nikayafuta na kitambaa kama mayai ya kuku, nikayapanga kwenye ndoo yenye maranda ya mbao na taa juu yake. Afu anti, kila jioni nikitoka dukani nilikuwa nayashika moja moja nayamulika na tochi ya simu nione kama kuna kitu ndani. Wiki ya pili umeme ukakatika usiku mara mbili. Wiki ya tatu yakaanza kubonyea, moja likaota ukungu wa kijani, afu yote, na ile harufu sitaisahau. Niliyafukia chini ya mgomba. Mume wangu alinikuta nalia na mikono ina udongo. Nilihisi nimeua, na mpaka leo najisikia hivyo hivyo. Na Bibi naye baada ya kutaga hakula zaidi ya mwezi, uti wa mgongo ukawa unaonekana kama kamba iliyofunikwa na kitambaa.

Sa hivi amenona tena, anakula vizuri, na naona kama anamtafuta mwenzake, usiku anazunguka zunguka na kusukuma kona za boksi na pua. Nimesoma sana kwenye intaneti, nimenunua themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto, na lile boksi la povu la kubebea samaki nigeuze la kuangulia, na nilipanga tuanze tena mwezi wa sita huu.

Tatizo ndo hili. Mama mkwe anatoka Machame mwishoni mwa mwezi wa tano, ana kliniki hospitali ya KCMC, atakaa kwetu miezi mitatu na chumba cha wageni ndo chake. Hajui kama kuna nyoka. Kwake yeye nyoka akiingia ndani ya nyumba katumwa na mtu, hakuna mjadala. Na mume wangu mwaka jana baada ya yale mayai alisema hawa wawili nimekubali kwa ajili yako, ila wa tatu sitaki hata kumsikia. Themostati niliinunua bila kumwambia. Nimefikiria nihamishie maboksi stoo ya nje kimya kimya, ina bati tu juu na ukutani kwake kuna mashine ya jirani ya kusaga, ila inafungwa kwa kufuli na hakuna anayeingia.

Jambo la mwisho, kuna kaka mmoja alinipata kwa simu, anasema kila mtoto wa nyoka atanunua elfu 40, wanapelekwa nje. Wakitoka kumi ni laki nne anti, ada ya chekechea ya mwanangu hiyo. Mwanangu ana miaka minne, anawapenda sana, anawashika bila woga.

Nisaidie, nifanye maandalizi gani Bibi asipate stresi kama mwaka jana, na je ni vibaya nikificha tu mpaka mama aondoke?

Mama wa Pasua, Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, nikarudia tena pale kwenye beseni, maana mtu anayekalia beseni nusu saa ili kiumbe kisipigwe jembe sio mtu aliyechanganyikiwa, ni mtu mwenye huruma na msimamo, na vyote viwili utavihitaji kwa hili unalotaka kufanya.

Kama nimekuelewa sawasawa, una chumba kimoja na kinatakiwa na wazee wawili kwa wakati mmoja, mmoja anatoka Machame na mwingine yuko kwenye boksi mezani. Unataka Bibi atage kwa utulivu, unataka mume asikasirike, mama asiogope, na ile ya mwaka jana isijirudie, na njia uliyoiona ni kufuli la stoo. Umeniuliza maswali mawili kana kwamba hayahusiani, maandalizi ni moja na kuficha ni lingine. Mi nayaona ni swali moja, nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza lakini yale mayai tisa, maana nahisi barua yote imeandikwa na yale mayai. Mayai ya kuku ukiyaatamisha lazima yageuzwe kila siku, kuku mwenyewe anayageuza, na wewe umekua unaona hivyo. Ya nyoka ni kinyume kabisa. Ganda lake ni laini kama ngozi, na siku ya kwanza au ya pili tu kile kichanga kinajishikiza upande wa juu ndani ya yai, baada ya hapo ukiligeuza unaweza kukizamisha. Wanaojua wanachukua penseli, wanaweka alama ndogo juu ya kila yai pale pale lilipotagwa, na alama hiyo inabaki kuangalia juu mpaka siku ya kutotolewa. Yakiwa yamegandana hayabanduliwi, yanahamishwa kama fungu. Wewe uliyafuta, ukayashika kila jioni, taa ikayakausha, umeme nao ukakatika. Na inawezekana pia mengine hayakuwa na mbegu tokea mwanzo, hayo yanaota ukungu hata uyatunze vipi. Hukujua, na uliyashika kwa sababu ulikuwa unayapenda. Pole sana mdogo wangu. Sitakwambia usilie, ila nakuuliza jambo moja ujijibu mwenyewe bila haraka: mwezi wa sita huu unamwandaa Bibi, au unataka kufuta yale ya mwaka jana? Maana kama ni kufuta, haraka itakuwa kubwa kuliko maandalizi.

Nauliza hivyo kwa sababu umesema anazunguka usiku anamtafuta mwenzake. Nyoka wa nyumba anaishi peke yake, haoni upweke kama sisi, na nyakati zake za kutembea ni usiku. Kusukuma kona na pua kunaweza kuwa njaa, joto limezidi, boksi limekuwa dogo kwake, au kuna kitu kinamtikisa. Ukiona pua imeanza kuchubuka ujue hapo ni stresi tayari, hata kabla dume hajaingizwa. Kwa hiyo lianze hilo kwanza. Weka sehemu mbili za kujificha, moja upande wenye joto moja upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya kupata joto na kujisikia salama. Kile kibuyu ni kizuri, tafuta kipande cha pili, na kiwe kidogo cha kumbana kidogo mwilini, wanapenda kuguswa na kuta pande zote. Upande wa joto usizidi sana nyuzi 30, na kipimajoto ukiweke chini pale anapolala, sio kwenye mfuniko.

Na mpime uzito. Dukani kwako mizani ipo. Jicho linasema amenona lakini jike aliyetaga tisa na kukaa zaidi ya mwezi bila kula anatakiwa awe amerudi kwenye uzito wake wa kabla ya kutaga na kuutunza kwa miezi, sio amefika jana. Kama huna namba ya mwaka jana basi anza kuandika sasa, kila wiki, kwenye daftari. Majike wa aina hii wana tabia moja ya kuangalia sana, wanaweza kutunza mbegu za dume mwilini na kutaga mara ya pili bila kukutana naye tena, miezi miwili hivi baada ya mara ya kwanza, na ndo maana wengi wanachoka na kufa mapema mikononi mwa watu wanaowaacha wakae na dume mwaka mzima. Kuwatenganisha kama ulivyofanya ni sawa kabisa, endelea hivyo.

Kuna kazi ndogo nyingine za kabla. Hao wawili wapimwe kinyesi kuangalia minyoo, wewe upo kwenye dawa za mifugo na madaktari wa mifugo unawajua, mmoja atakubali kuweka kinyesi kwenye darubini hata kama atashangaa. Angalia utitiri, yale madoa meusi madogo yanayotembea kwenye kidevu na kuzunguka macho, au yameelea kwenye bakuli la maji, dume mmoja mwenye utitiri anamaliza wote. Tafadhali dawa ya kupulizia ya ng'ombe usiijaribu kwa kukisia, ngozi ya nyoka na ya ng'ombe ni vitu viwili.

Ukifika wakati wa kuwakutanisha, mpeleke dume kwa jike, Bibi akiwa ameshiba siku kadhaa nyuma, wakae siku mbili tatu afu umtoe, urudie kama ikibidi. Baada ya hapo mikono mbali. Kuanzia kukutana mpaka kutaga ni kama mwezi mmoja na nusu hadi miwili, na karibu na mwisho atajivua gamba, macho yanakuwa na ukungu wa bluu kwanza, afu gamba, afu wiki moja au mbili hivi anataga. Hilo gamba ndo kengele yako. Kabla ya kengele iwe tayari ndani ya boksi lake kopo la plastiki lenye mfuniko, tundu moja la kumpitisha, na ndani vumbi la maganda ya nazi au moss (kuvumwani) iliyolowekwa ikakamuliwa mpaka haitoi tone. Mwaka jana alitaga nyuma ya bakuli kwa sababu pale ndo palikuwa na unyevu peke yake. Hakukosea yeye, alichagua pazuri kuliko pote alipopaona.

Mayai yakitoka usisubiri yeye ayalinde. Chatu anajizungushia mayai yake na kukaa nayo, huyu wa nyumba akimaliza anaondoka zake. Yahamishie kwenye lile boksi la povu, umefikiria vizuri hapo, na themostati iwe nyuzi 27 au 28, ni bora ipungue kidogo kuliko kuzidi. Ijaze nafasi iliyobaki na chupa za maji zilizofungwa vizuri, maji yakishapata joto yanalitunza, umeme ukikatika usiku mmoja yai halitahisi haraka hivyo. Themostati ijaribu wiki mbili nzima boksi likiwa tupu, uandike joto asubuhi na jioni, kabla hujaweka chochote chenye uhai ndani. Miezi miwili na kitu hivi watatoka, na kutazama kunaruhusiwa, kwa macho, mara moja kwa wiki, mkono uko mfukoni.

Sasa hiyo stoo. Nyoka hana masikio ya nje, lakini mtikisiko wa chini anausikia kupitia taya lake, ndo namna anavyojua nani anakuja. Mashine ya kusaga ukutani ni kumuweka mwenye mimba juu ya ngoma. Na bati peke yake, mchana wa jua linakuwa tanuri, usiku wa mwezi wa saba baridi ya mlimani inashuka humo humo, hakuna themostati ndogo itakayoshinda mabadiliko hayo. Jingine sasa, na ndo nililosema maswali yako ni moja: kitu kilichofichwa kinatembelewa kwa wizi. Utaenda usiku na tochi, utafungua haraka, utasikia mtu anakohoa utafunga kwa kishindo, siku mama anaumwa hutaenda kabisa na maji yataisha bakulini. Utulivu unaoutafuta kwa Bibi unahitaji mtu anayekuja saa ile ile, bila papara, na mume anayeweza kusema leo nitaangalia mimi.

Kuhusu mume wako, soma tena sentensi yake. Alisema wa tatu hataki hata kumsikia, siku aliyokukuta unalia na udongo mikononi. Mi simjui, lakini nikiwa mbali hivi nasikia pia mtu aliyeogopa kukuona vile mara ya pili. Huenda anakataa nyoka, huenda anakataa yale machozi, na ni yeye peke yake anayejua. Ye ni fundi umeme. Ungemwekea ile themostati mezani ukamwambia nilinunua nikaogopa kukwambia, naomba uniangalizie kama nimeunga sawa, sijui angejibu nini, anaweza kukasirika kwanza, na ana haki maana ulimficha. Lakini mazungumzo yatakuwa yameanza kwenye kitu anachokijua na mikono yake.

Mama mkwe ni mzigo mwingine na hapo sitaki nikudanganye kuwa ni rahisi. Hofu yake sio ujinga, imetoka kwenye maisha yake, na kwenye migomba ya Machame nyoka sio wote wa kahawia wenye mistari. Akiambiwa kabla hajatoka nyumbani anaweza kukataa kuja, kliniki ikaharibika, na lawama ikakuangukia wewe. Asipoambiwa, mtoto wa miaka minne ndo atamwambia, tena siku ya kwanza, "bibi njoo umuone Bibi", mdogo wangu huyo mtoto hawezi kutunza siri na asifundishwe kuitunza. Kwa hiyo swali sio atajua au hatajua. Ni atajua kwa mdomo wa nani, na hapo nadhani mdomo wa mwanawe una uzito ambao wako hauna, kwa hiyo tunarudi tena kwa mume.

Njia ziko kadhaa. Ya kwanza, kusogeza, mama aje, atibiwe, arudi, na wewe uanze mwezi wa tisa au wa kumi. Nyoka hawa wakitunzwa ndani hawana ulazima wa mwezi wa sita, na mayai yakiangukia miezi ya joto kazi ya themostati inapungua. Hatari yake ni kwako, subira, na bado maboksi mawili yanahitaji pa kukaa hiyo miezi mitatu. Ya pili, rafiki yako wa Arusha awatunze kwa muda, ana uzoefu. Ila hiyo safari ifanyike kabla ya kuwakutanisha sio baada, kila mmoja kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya boksi gumu, asubuhi na mapema, tumbo tupu, na sio kwenye buti la gari ambalo usiku lilibeba mafuta ya taa, na kabla ya yote muulize kwa sheria anaruhusiwa kuwa nao. Ya tatu, wabaki nyumbani kwa ruhusa ya wote, kwenye kona ya chumba chenu nyie wawili, wamefungiwa kwa komeo, na uzazi uache kwa mwaka huu. Ya nne ni ile ya kwako ya stoo. Unazijua sasa gharama zake, sitarudia.

Mama akiwepo kuna jambo la afya halina mjadala. Nyoka na mijusi wanabeba bakteria wa salmonela tumboni bila wao kuumwa, na wanaoathirika zaidi ni watoto chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito na wagonjwa. Nyumbani kwako utakuwa na mtoto wa miaka minne na mzee wa kliniki pamoja. Mabakuli na maboksi yasioshwe kwenye karo la jikoni, tafuta beseni lake nje, sabuni mikononi kila baada ya kushika, na mtoto kwa sasa aangalie tu, asishike.

Sasa huyo kaka wa elfu 40. Hapa nakuomba ukae chini. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma, hata akiokotwa ghalani kwa baba yako, na kumkamata, kumfuga, kumzalisha au kumuuza kunataka kibali. Kwenye barua yako yote sijaona neno kibali, na sijui kama ulisahau au hukuwahi kuulizia. Nyoka wa nyumba hayumo kwenye orodha ya mkataba wa CITES kama alivyo chatu, ila huo ni wa biashara ya kimataifa, sheria ya hapa nyumbani inabaki pale pale. Na kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi serikali ilisimamisha mwaka 2016, Juni 2022 ikatangazwa kwamba waliobaki kwa wafanyabiashara wataruhusiwa kutolewa, na ndani ya siku chache tangazo hilo likasitishwa. Mtu anayekwambia wanapelekwa nje muulize kwa karatasi gani. Akiondoka na watoto kumi, nyumba watakayosema walitoka ni yako, sio yake.

Kwenda kuuliza kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, nako kuna hatari yake, wanaweza kukwambia uwarudishe, na najua itauma. Ukienda mwenyewe ukiwa na daftari la uzito na historia yako ya beseni, ni tofauti na kukutwa. Kama unaogopa kuanzia ofisini, anzia kwa watu wanaofanya kazi hii kihalali, pale Meserani, kama kilomita 25 kutoka Arusha, ipo bustani ya nyoka ya miaka mingi yenye kliniki ya walioumwa na nyoka, kaulize wao wanafanyaje na vibali vyao vinapitia wapi.

Ile laki nne pia ipigie hesabu vizuri. Watoto kumi kila mmoja anakula kichanga cha panya kimoja kwa wiki, hiyo ni arobaini na kitu kwa mwezi, na baada ya wiki kadhaa wanataka wakubwa zaidi. Panya jike anabeba mimba wiki tatu anazaa sita mpaka kumi, kwa hiyo unaongelea majike kama sita hivi ya panya yanayozaa kwa zamu, maboksi yao, pumba na harufu yao, ndani ya nyumba ile ile. Kila mtoto wa nyoka ana boksi lake maana wanaweza kulana. Na kuwaachia shambani wakishindikana sio huruma, majembe yale ya Uru bado yapo. Kabla ya dume kuingizwa, andika majina ya mahali kumi watakapokwenda, mahali pa kweli penye kibali, uone karatasi inajaa au haijai.

Sijakwambia uache wala uendelee, hilo ni lako na la mume wako. Niandikie tena mkishaongea, hata kama mmegombana, na uniambie uzito wa Bibi umesoma ngapi. Ila boksi la dume lile la juu ya kabati lishushe leo leo uliweke chini ukutani, kila mlango wa kabati unapofungwa anatikisika yule, na hilo halihitaji ruhusa ya mtu.